Mtoto wa la tatu hasomi? Sikiliza anavyokosea kabla hujamwita mzito

Walimu wenzangu na wazazi, mimi nafundisha madarasa ya chini hapa Moshi, na kila Januari nikipokea darasa jipya najua kabisa humo ndani yupo mtoto mmoja au wawili wa aina hii: anaongea vizuri, ana maswali mengi, hesabu za kichwa anakushinda, ila ukimpa kitabu anakuwa mtu mwingine. Tukishamwita mzito anahamia dawati la nyuma na ndo basi tena.

Mimi nilikuwa na kijana wa hivyo. Jumamosi alikuwa anamsaidia mama yake kuuza ndizi soko la Mbuyuni, ukitoa elfu kumi anakurudishia chenji kabla hujafunga pochi. Darasani zamu yake ikifika anasoma vizuri tu, nikaridhika, mpaka siku moja nikapita nyuma yake nikaona kitabu kakifungua ukurasa mwingine kabisa. Hadithi yote alikuwa ameikariri kwa kuwasikiliza wenzake. Na mimi nilikuwa nimeshamchapa mara mbili kwa ajili ya imla. Inaniuma mpaka leo, ndo maana naandika.

Hali hii inaitwa disleksia. Sio ugonjwa, haina kidonge, sio uvivu, na haina uhusiano na akili ya mtoto. Kichwa kinapata shida kuzichambua sauti zilizomo kwenye neno na kuzioanisha na herufi zake. Na sio jambo la juzi, mwaka 1896 daktari mmoja Muingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 ambaye kusoma kulimshinda kabisa, wakati mwalimu wake anasema kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu huyo ndo angeongoza shule nzima.

Sasa utamjuaje. Usihesabu amekosa mangapi, sikiliza anakosea vipi. Mtoto ambaye hajafundishwa tu atakwama kwenye silabi ngumu, mwa, nywe, ng'o, ukimfundisha wiki mbili anaenda. Huyu mwenye disleksia jana kalijua neno, leo halijui, na kwenye mstari huohuo anaweza kulisoma sawa mara ya kwanza akalikosa mara ya pili. Anashika mwanzo wa neno alafu anabuni mwisho: imeandikwa wanafunzi yeye anasoma wananchi, imeandikwa alipigwa anasoma alipiga. Anapindua silabi, kitabu kinakuwa kibuta. b na d zinamchanganya hata akiwa la tatu la nne, wakati wenzake wameshaacha. Kunakili ubaoni anaruka mstari, wenzie wameenda kucheza yeye bado yuko kwenye tarehe. Siku za wiki na miezi kuzitaja kwa mpangilio ni shida, na tebo ya kuzidisha kila siku inaanza upya.

Ila angalizo, kuchanganya l na r peke yake isikutishe, huku kwetu hata watu wazima wengi wanachanganya, hiyo ni lafudhi.

Mimi natumia majaribio matatu, hayahitaji hela. La kwanza funika kitabu, mwambie: sema kiatu, sasa toa ki, imebaki nini? Watoto wa darasa la pili wengi watakwambia atu bila kufikiri, mwenye disleksia atakodoa macho au atasema viatu. La pili mwandikie maneno ya uongo ayasome, munofa, degipo, tabelu, kwasababu maneno hayo hawezi kuwa ameyakariri popote. La tatu, na hili wengi tunalisahau, mpe habari asiyoijua umpimie dakika moja kwa saa ya simu. Kiswahili chetu kina huruma, ba ni ba popote utakapoikuta, kwahiyo wapo watoto wa disleksia ambao mwishowe wanasoma bila kukosea, lakini taratibu mno, jasho linawatoka, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake kashasahau. Huyo naye anahitaji msaada hata kama amepita KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu.

Kabla hujasema ni disleksia ondoa mambo mengine kwanza. Macho na masikio yapimwe, kwa huku hospitali ya KCMC wana idara zote mbili. Uliza nyumbani wanaongea lugha gani, mtoto aliyekuja na Kichaga au Kimasai peke yake anahitaji muda wa kukijua Kiswahili. Uliza amekosa shule kiasi gani, na asubuhi amekula nini.

Kumsaidia, anza leoleo, usisubiri cheti cha mtaalamu. Dakika kumi au kumi na tano kila siku zinashinda masaa mawili ya Jumamosi. Mimi nimeokota vizibo vya soda, kila kizibo nimeandika silabi moja kwa maka peni. Namtamkia neno parachichi, anapiga makofi manne, pa-ra-chi-chi, anatafuta vizibo vyake anavipanga, anavisoma huku anavigusa kwa kidole kimojakimoja, alafu analiandika kwenye mchanga huku anatamka kila sauti kwa nguvu, mwisho kwenye daftari. Sikio, mdomo, mkono na jicho vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Nenda hatua kwa hatua, usimpeleke kwenye mbwa na ng'ombe wakati ba na da bado zinagombana, na kila siku anza kwa kurudia ya jana. Zile b na d usimfundishe siku moja, b ikae kabisa ndo ulete d.

Kipande cha boksi la biskuti kitoboe kidirisha cha mstari mmoja, akiweka juu ya kitabu haoni mistari mingine. Kusoma mbele ya darasa usimshtukize, mpe aya yake jana yake akafanye mazoezi. Notsi za ubaoni apewe daftari la mwenzake au zipigwe picha, mzazi mwenye simu amsomee nyumbani. Kwenye sayansi na historia sahihisha alichokijua, tahajia isimuue, na ikiwezekana ajibu kwa mdomo. Mwongeze muda. Na wale wanaouza miwani ya rangi kwamba inatibu disleksia, hela hiyo mnunulie mtoto vitabu vya hadithi, tatizo haliko machoni.

Kiingereza kinahitaji uangalizi wa pekee. Mtoto aliyejikongoja vizuri kwa Kiswahili anaweza kuanguka vibaya akihamishiwa inglish midiamu au akiingia fomu wani, maana ile a aliyoizoea kwenye cat inasikika hivi, kwenye cake vile, kwenye call vingine kabisa. Usimshangae, rudi kwenye sauti zilezile, moja baada ya moja.

Kuongea na mzazi ndo kazi. Usianze na kasoro, anza na ile chenji ya ndizi. Mama wa yule kijana alishampeleka kuombewa, alikuwa anahisi kafungwa na mtu, nikamwambia mama maombi endelea nayo lakini na vizibo navyo tuvitumie. Baba yake alikaa kimya muda mrefu, alafu akasema mwalimu, hata mimi nilikuwa hivyohivyo, niliishia la nne. Disleksia inatembea kwenye ukoo, kwahiyo ukimuuliza mzazi kwa upole mara nyingi utasikia hilo, na kuanzia hapo fimbo nyumbani inapungua.

Makosa yake yaandike kwenye daftari kila wiki, tarehe, neno lililoandikwa, na alichosoma yeye. Ukienda kwa afisa elimu maalum wa halmashauri nenda nalo, na ukikutana na walimu waliosomea chuo cha ualimu Patandi pale Tengeru waonyeshe, hao wamefunzwa elimu maalum. Mtihani wa la nne au la saba ukikaribia, mwalimu mkuu aulize utaratibu wa muda wa nyongeza wakati wa usajili, sio wiki ya mtihani.