"Sorry" ya pole na "sorry" ya samahani: jinsi ya kulitumia hili neno ukaeleweka

Sisi Waswahili tuna pole na tuna samahani, na hata mtoto mdogo hazichanganyi. Mwenzio akijikwaa unampa pole hata kama ulikuwa umekaa huko mbali hulijui hata hilo jiwe, ukimkanyaga unamwomba samahani. Mwingereza yeye hayo yote kayaweka kwenye neno moja, "sorry", na hapo ndo tunapopishana nae, yani mfanyakazi mwenzio mgeni kajimwagia chai, unamwambia "sorry!" kwa roho safi kabisa, anakujibu "it's not your fault", si kosa lako, unabaki unajiuliza kwani nani kasema ni kosa langu?

Kilichotokea ni kwamba wewe umetoa pole yeye kasikia samahani. Huku Afrika Mashariki, na hata Afrika Magharibi, "sorry" ya kumpa mtu pole kwa jambo ambalo hujamfanyia wewe ni ya kawaida sana kwenye Kiingereza chetu, ila kwa Muingereza au Mmarekani ukiisema hivyo peke yake, papo kwa papo, kichwa chake kinakimbilia kwenye kuomba radhi.

Na asije mtu akakwambia hicho ni Kiingereza kibovu, maana ukienda kwenye asili ya neno lenyewe utashangaa. "Sorry" limetoka kwenye Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1100 hivi, lilikuwa "sarig", na limetokana na "sar" yaani maumivu au kidonda, ndo hilohilo leo tunaloliona kwenye "sore throat", koo linalouma. Kwa hiyo mtu aliyekuwa "sarig" alikuwa mtu mwenye maumivu, mwenye huzuni, hakuwa mtu anayeomba msamaha, hiyo ya kuomba radhi ilikuja baadae. Wengi wanadhani limetoka kwenye "sorrow", huzuni, lakini hapana, "sorrow" ina mzizi wake mwingine, "sorg", ila kwa vile yanafanana kwa sauti na kwa maana, karne kwa karne yamezidi kusogeleana. Mimi hii naipenda sana, kwa sababu ina maana anaetoa "sorry" kama pole yuko karibu zaidi na mzizi wa neno.

Haya, sasa unafanyaje ueleweke? Usiliache peke yake, liongezee maneno ya mbele, hayo ndo yanaonesha ni pole au ni samahani. Ukitaka pole sema "I'm sorry to hear that", hiyo haina utata hata kidogo, inafaa kwa ugonjwa, kwa kufeli mtihani, kwa kuibiwa simu. Kwenye msiba ni "I'm sorry for your loss". Kwa yule wa chai hapo juu, badala ya "sorry" tupu muulize "oh no, are you OK?" na pole yako itafika vizuri tu. Ukitaka samahani taja kosa lenyewe: "I'm sorry I'm late", au "sorry about the noise", au "sorry for shouting". Na hapa kuna kitu watu hawakiangalii, "sorry to bother you" unaisema wakati unaingia kumsumbua mtu, "sorry for bothering you" inafaa zaidi ukishamsumbua na unaondoka.

Kuwa makini na "I feel sorry for you". Maana yake ni nakuonea huruma, na ukimwambia mtu usoni, hasa mkiwa mmekwaruzana, inasikika kama dharau. Ukiwa unamzungumzia mtu wa tatu haina shida.

Kisarufi hili neno ni kivumishi, ndo maana lazima uwe "I am sorry", huwezi kusema "I sorry you" wala "accept my sorry". Ukitaka nomino ni "apology", kitenzi ni "apologise", na hizo zina uzito wa kiofisi, kwa hiyo kwenye imeili kwa bosi au kwa mteja andika "I apologise for the delay". Likikaa mbele ya nomino linabadilika maana kabisa, "a sorry state" ni hali mbaya ya kusikitisha, nyumba imechakaa, barabara imekufa. Na "sorry?" ya kupandisha sauti mwishoni ni sawa na kusema naam, sijakusikia, rudia, wala usidhani mtu anakuomba radhi.

Ukishaujua huo utofauti hata taarifa za wakubwa utazisikiliza tofauti. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilipokubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa enzi za Mau Mau, neno lililotumika bungeni lilikuwa "regrets", inasikitika. Mwaka 2023 Mfalme Charles alipokuja Nairobi akasema "sorrow" na "regret", na Wakenya wengi walikuwa wanasubiri "apology" haikuja. Wiki hiyohiyo rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuwa Songea, yeye aliomba msamaha kabisa kwa yale Wajerumani waliyowafanyia mababu zetu kwenye vita vya Majimaji. Kusikitika ni kutoa pole, kuomba msamaha ni kukubali kwamba ni mimi, na wanasheria wa serikali wanalijua hilo vizuri mno. Kule Kanada, jimbo la Ontario, ilibidi wapitishe sheria mwaka 2009 kwamba mtu akisema "sorry" isihesabiwe mahakamani kuwa amekiri kosa, kwa sababu watu walikuwa wanaogopa hata kumpa mwenzao pole.

Sasa na wewe ukiambiwa "sorry" unajibuje? Kama ni pole jibu "thank you", basi inatosha, usitafsiri ile yetu ya "nimeshapoa". Kama ni samahani kwa jambo dogo sema "no worries" au "that's all right". Kama jambo ni kubwa na bado limekuuma, usijilazimishe kusema "it's OK", maana hapo umeshamaliza kesi, sema "thank you for apologising", hiyo inaonesha umeipokea radhi yake bila kusema kwamba yameisha.