Kutoka kizimba cha panya hadi kliniki ya sukari: hatua za kupima mmea unaosemekana unashusha sukari

Kila mwaka hunijia mwanafunzi mwenye habari ileile. Kuna bibi kijijini kwao anachemsha majani, majirani wanakunywa, sukari inashuka. Sicheki. Metfomini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili huanza nacho, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na Jean Sterne wa Ufaransa aliripoti kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957. Kwa hiyo majani ya bibi yana haki ya kupimwa. Kinachoniudhi ni kupimwa vibaya, panya 40 wakafa na bado hatujui lolote. Hizi ndizo hatua ninazofuata mimi.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kuagiza panya

Panya wa kawaida hawaugui kisukari, inabidi tuwaugueshe. Tasnifu nyingi hutumia streptozotosini, kemikali inayoingia kwenye seli za beta za kongosho na kuziua. Seli hizo ndizo zinazotengeneza insulini. Panya akidungwa dozi kubwa mara moja, insulini inakaribia kwisha, sukari inapanda. Hiyo inafanana na kisukari aina ya kwanza.

Sasa nenda kliniki uwaangalie waliokaa kwenye benchi. Wengi wana aina ya pili: insulini wanayo, ila mwili hauisikii vizuri. Kama majani ya bibi yanausaidia mwili kuisikia insulini, ukimpa panya asiye na insulini utaambiwa hayafanyi kazi, na utakuwa umeyaonea.

Kwa swali la aina ya pili, mimi huwalisha panya chakula chenye mafuta mengi kwa wiki kadhaa, kisha nawadunga dozi ndogo, miligramu 30 hadi 35 kwa kilo. Nao si binadamu, lakini wanasogea karibu zaidi.

Hatua ya 2: Mmea wenyewe

Mtaalamu wa mimea autambue, na tawi lililokaushwa libaki hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na namba yake. Jina la kienyeji halitoshi, kwani jina moja huweza kubeba mimea mitatu. Vuna majani ya kutosha utafiti wote kwa mkupuo mmoja. Halafu andaa dawa kama bibi anavyoiandaa. Akichemsha kwa maji, nawe chemsha kwa maji. Ukitumia ethanoli, yaani pombe, unatoa kemikali nyingine kabisa, na mwishoni unasifia kitu ambacho hakuna mtu kijijini aliyewahi kukinywa.

Hatua ya 3: Kamati ya maadili na makundi

Kamati itakuuliza mambo matatu yaliyoandikwa na Russell na Burch mwaka 1959: je, unaweza kutumia kitu kingine badala ya mnyama, je, unaweza kutumia wanyama wachache zaidi, na je, umepunguza maumivu yao? Jibu kwa dhati. Andika mapema ni lini utamtoa panya kwenye utafiti. Mimi naandika kwamba akipoteza asilimia 20 ya uzito wake namtoa, hata kama data yake ni nzuri kiasi gani.

Makundi yangu huwa matano: wazima wanaopewa maji, wagonjwa wanaopewa maji, wagonjwa wanaopewa metfomini, na wagonjwa wanaopewa dawa ya mmea kwa dozi mbili. Nani aingie kundi lipi ni suala la bahati nasibu, tena baada ya kuthibitisha kwamba anaugua. Usiokote panya kwa mkono kutoka kizimbani ukadhani umechagua bila upendeleo. Mkono huwakamata wazembe kwanza, na wazembe ndio wagonjwa zaidi.

Kuhusu glibenklamaidi, ambayo wengi huiweka kama dawa ya kulinganishia: kazi yake ni kuzisukuma seli za beta zitoe insulini. Ukiona imeshusha sana sukari kwa panya uliodai kongosho lao limeharibika kabisa, ujue halikuharibika kabisa. Panya wako wanakukosoa.

Hatua ya 4: Siku ya kudunga

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, twende polepole.

Vaa glavu na barakoa, streptozotosini inaweza kusababisha saratani. Tengeneza bafa ya sitreti, kimiminika cha kuyeyushia kemikali hiyo, yenye pH 4.5 (uchachu kiasi) na uipoze kwenye barafu. Pima uzito wa kila panya asubuhi hiyohiyo, si wa juzi. Panya wa gramu 250 kwa dozi ya miligramu 35 kwa kilo anahitaji miligramu 8.75. Kama myeyusho una miligramu 20 kwa mililita, hiyo ni takriban mililita 0.44. Andika hesabu za panya wote kwenye karatasi kabla hujayeyusha chochote, kwa sababu ikishayeyushwa kemikali hii huanza kuharibika. Yeyusha kidogo, funga chupa kwa karatasi ya alumini kuzuia mwanga, dunga ndani ya dakika 15, kisha yeyusha nyingine. Mwanafunzi anayeyeyusha ya panya wote saa mbili asubuhi na kumaliza saa nne atapata panya wa kwanza wagonjwa na wa mwisho wazima. Kisha atasema panya wake wana ukinzani!

Usiku wa kwanza ni wa hatari. Seli za beta zinapokufa humwaga insulini yote iliyokuwamo, na sukari inaporomoka kabla ya kupanda. Mara ya kwanza nilipotumia dozi kubwa, miligramu 60 kwa kilo, sikulijua hilo. Niliwaachia maji matupu nikaenda kulala. Asubuhi nilikuta watano kati ya 12 wamekauka kwenye maranda. Tangu siku hiyo kila chupa ya maji usiku ule ina sukari asilimia 5 hadi 10, na chakula nakirudisha mapema.

Baada ya saa 72 pima sukari kwa tone la damu kutoka mkiani. Kipimo cha kuanzia milimoli 13.9 kwa lita ndicho wengi hukubali kuwa ni ugonjwa. Rudia siku ya 7, maana wapo wanaojiponea wenyewe, na ukiwaacha ndani watakusaidia kudanganya. Mashine nyingi za mkononi huishia 33.3, juu ya hapo huandika HI. Andika hivyohivyo, usibuni namba. Na maranda badilisha kila siku, kwa sababu panya mwenye kisukari anakojoa kupita kiasi.

Hatua ya 5: Kunywesha na kupima

Dawa hupitishwa mdomoni kwa sindano butu ya kunyweshea hadi tumboni, isizidi mililita 10 kwa kilo. Ukihisi inakwama, toa, usisukume. Ikiingia kwenye njia ya hewa panya anakufa mkononi mwako.

Panya akihangaishwa sukari yake hupanda, kwa hiyo wiki moja kabla ya kuanza wazoee kushikwa na mtu yuleyule. Wafungishe kula kwa muda wa saa 6 kuanzia asubuhi. Kuwanyima usiku kucha ni kuwashindisha njaa, kwani usiku ndio wakati wao wa kula. Anayesoma mashine asijue panya ni wa kundi gani. Mwenzake aweke rangi tu kwenye vizimba, na maana ya rangi ibaki kwenye bahasha.

Hatua ya 6: Hesabu inayowaamsha watu usingizini

Umeona dawa inafanya kazi kwa miligramu 500 kwa kilo. Hongera. Ili kupata makadirio ya dozi ya binadamu kutoka kwa panya wa aina hii, gawanya kwa 6.2. Inakuwa takriban miligramu 81 kwa kilo, yaani kama gramu 4.8 kwa siku kwa mtu wa kilo 60. Kama gramu 100 za majani makavu zilikupa gramu 10 za dawa, mgonjwa huyo anahitaji gramu 48 za majani makavu kila siku. Mpe mizani bibi akuonyeshe anachotia kwenye sufuria. Ikiwa ni konzi moja ya gramu 5, ulichopima maabara sicho wanachokunywa watu. Fanya hesabu hii kabla ya kupanga dozi za panya.

Hatua ya 7: Wagonjwa

Kati ya panya na mgonjwa kuna vipimo vya sumu kwenye ini, figo na damu, na kazi hiyo haimalizwi na mwanafunzi mmoja wa uzamili. Tanzania utahitaji kibali cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na utafiti usajiliwe kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia.

Usiwape wagonjwa wote dawa kisha ukalinganisha kabla na baada. Watu huingia utafitini wakati sukari yao iko juu, na iliyo juu sana mara nyingi hushuka kidogo yenyewe. Zaidi ya hapo, mtu akijua anaangaliwa anapunguza soda. Weka kundi linganishi, wote waendelee na dawa zao za hospitali, na kinywaji cha kulinganishia kiwe kichungu vilevile.

Pima HbA1c, yaani sukari iliyoshikamana na himoglobini ya damu, mwanzoni na baada ya wiki 12, maana inaonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu. Lakini huku kwetu selimundu na upungufu wa damu ni vitu vya kawaida, na vyote huweza kukipotosha kipimo hicho. Pima wingi wa damu na aina ya himoglobini kwanza.

Sukari ya kufunga ina vituko vyake. Mazungumzo haya nimeyasikia mara nyingi mno:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Umekula chochote asubuhi hii?”

“Sijala.”

“Na chai?”

“Aa, chai nimekunywa. Chai si chakula.”

Chai yenyewe ina vijiko vitatu vya sukari. Kwa hiyo usiulize kama amekula. Uliza tangu aamke ni kitu gani kimepita mdomoni, na uwe na siku ya akiba ya kumrudisha pamoja na nauli yake.

Vivyo hivyo kwa dawa za asili. Ukimuuliza mtu mbele ya daktari kama anatumia mitishamba atakataa, akihofia kugombezwa. Mimi huwa naanza: “Wengi hapa wanatumia mlonge nyumbani, wewe unatumia nini?” Wachache hubaki kimya.

Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha nyumbani. Mwambie kwamba huenda akapata kinywaji kisicho na dawa, na kwamba akikataa kliniki yake iko palepale. Kisha mwombe akuelezee kwa maneno yake. Akisema “nimepewa dawa mpya ya kuniponya”, bado hajaelewa, na sahihi yake haina maana. Anza upya.

Wiki ya 12 ikifika, mtakwimu amalize uchambuzi wake na aufunge, ndipo bahasha yenye siri ya nani alikuwa kundi lipi ifunguliwe mbele ya watu wawili.