Namna ya kuandika wasifu wa marehemu aliyekuwa mwalimu

Usiku wa kwanza wa msiba kamati hugawana kazi: jeneza, turubai, chakula, usafiri, kaburi. Mwishoni kabisa mtu hukumbuka kuuliza nani ataandika wasifu, na kazi hiyo huangukia kijana anayejua kuchapa. Ndiyo maana misiba mingi ya walimu husomewa kitu kilekile: orodha ya vituo vya kazi, madaraja aliyopanda, "alikuwa mcheshi na mpenda watu", kisha idadi ya wajukuu. Mtu aliyesimama mbele ya ubao miaka 30 na zaidi, akarudi nyumbani kila jioni kulea, anastahili maneno yanayomhusu yeye peke yake. Siku mbili zinatosha kuyapata. Maelezo haya yanafuata mwalimu wa shule ya msingi wa Tanzania na mazishi ya Kikristo, ambayo mara nyingi huacha siku mbili au tatu za maandalizi. Kwa Waislamu maziko huwa ya haraka, kwa hiyo wasifu mrefu uwekeni kwenye hitima au arobaini.

Kwanza muulize mwendesha ratiba umepewa dakika ngapi. Kawaida ni tano. Msomaji asiyekimbia husoma maneno kama 100 kwa dakika kwenye spika za uwanjani, hivyo andika maneno 450 hadi 500 na usizidishe. Kiasi hicho ndicho kinachoingia kurasa mbili za ndani za kitini cha ratiba, yaani karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati, kwa herufi za ukubwa wa 11. Wasifu wa maneno 1,200 hukatwa na mchungaji ukiwa bado kwenye vyuo alivyosoma, na mjane hasikii hata sentensi moja kuhusu nyumba yake.

Kisha omba bahasha ya nyaraka. Karibu kila mwalimu wa zamani alikuwa nayo: sandukuni, juu ya kabati, au chini ya godoro. Unatafuta cheti cha ualimu, barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua za uhamisho na za kupandishwa daraja, na barua ya kustaafu. Zipige picha kwa simu hapohapo, mbele ya mwanafamilia mmoja, na uzirudishe bahashani siku hiyohiyo. Usiondoke na karatasi halisi hata moja. Familia itazihitaji kwenye mirathi na kufuatilia mafao, na barua iliyopotea msibani huwasumbua kwa miezi.

Zikikosekana, kuna njia nyingine. Ofisi nyingi za walimu wakuu zina ubao ukutani wenye majina ya waliowahi kuongoza shule na miaka yao. Kitabu cha kumbukumbu za shule huandika siku mwalimu aliporipoti na alipoondoka. Na ipo njia ambayo wengi hawaifikirii: watoto wake. Mwalimu alihama na familia, kwa hiyo kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo cha kila mtoto kinaonyesha walikuwa wapi mwaka gani. Panga watoto kwa kuzaliwa, andika pembeni mahali alipozaliwa kila mmoja, na ramani ya vituo vyake itajitokeza yenyewe.

Hapo jihadhari na mikoa. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002, Geita, Njombe, Simiyu na Katavi mwaka 2012, na Songwe mwaka 2016. Aliyefundisha Babati, ambayo leo iko Manyara, mwaka 1980 alikuwa Mkoa wa Arusha. Wa Mpanda, ambayo leo iko Katavi, alikuwa Rukwa. Andika "Babati, wakati huo Mkoa wa Arusha". Wazee waliofanya naye kazi watakuwa wamekaa mstari wa mbele, na kosa moja la namna hiyo huwafanya watilie shaka mengine yote. Vivyo hivyo kwa mwajiri: aliyeanza kazi kabla ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 huenda aliajiriwa na misheni kwanza, kisha shule ikachukuliwa na serikali. Useme hivyo, kwa sababu ni sehemu ya maisha yake.

Kuna jambo moja ambalo familia hulificha bila sababu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilihitaji walimu wengi kwa haraka ili kila mtoto aingie darasani. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawa wanafundisha huku wakisomea ualimu vijijini kwao. Ndio walioitwa walimu wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote. Watoto waliofika chuo kikuu wakati mwingine huona aibu na kuandika tu "alihudhuria mafunzo ya ualimu". Tunasihi msifanye hivyo. Kijana aliyepewa darasa lililofurika, akifundisha asubuhi na kusoma kwa koroboi usiku, kisha akajiendeleza hadi Daraja A, ngazi ya juu ya cheti cha ualimu wa shule ya msingi, alifanya kazi nzito kuliko inavyosomeka kwenye cheti. Iandikeni waziwazi, hatua kwa hatua, na miaka yake.

Tarehe ya kuzaliwa nayo huleta mzozo. Cheti cha ubatizo kinaweza kusema 1943 na jalada la ajira 1945. Tumia iliyo kwenye kitambulisho cha taifa na nyaraka za kazi, kisha hakikisha msalaba, kitini na wasifu vinasema mwaka mmoja. Pima pia kwa hesabu: umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60 na kwa hiari 55. Kama wasifu wako unamstaafisha akiwa na 67, kuna tarehe imekosewa.

Sasa moyo wa kazi. Tenga nusu siku kuzungumza na watu sita: mjane, watoto wawili (mkubwa na mdogo, kila mmoja peke yake, maana walilelewa na baba yuleyule akiwa na umri tofauti), mwalimu mwenzake mmoja, na wanafunzi wawili wa miaka tofauti. Usiulize "alikuwa mtu wa namna gani?" Swali hilo huzaa "mcheshi, mchapakazi, mcha Mungu", maneno yanayomfaa marehemu yeyote. Mwulize mwanafunzi: alikufundisha somo gani, darasa la ngapi, alikuwa akisema nini mtu akikosea hesabu? Mwulize mwalimu mwenzake: aliyechelewa kulipwa mshahara alikwenda kukopa kwa nani? Mwulize mtoto: akifika nyumbani alianza na nini, alikaa kiti gani, nani alikuwa akikaguliwa daftari kwanza? Kwa mjane usiulize kitu. Mwombe akuonyeshe kitu cha mumewe anachokitunza, kisha nyamaza usikilize. Akichoka, ondoka.

Kila sifa utakayopewa, idai tendo. "Alipenda elimu" inakuwa "Aliuza ng'ombe wawili ili binti yake wa tatu arudie kidato cha nne". "Alikuwa nadhifu" inakuwa "Alipiga pasi ya mkaa kila Jumapili usiku, mashati matano ya wiki nzima". Tendo lililosimuliwa na mtu mmoja tu, lithibitishe kwa wa pili kabla ya kuliandika. Usiliongeze chumvi, waliokuwapo wapo.

Unapoandika, vituo vyote viingie kwenye sentensi mbili, kisha uchague kituo kimoja au viwili vya kukaa navyo. Gawa maneno hivi: kuzaliwa na masomo 70, kazi 150, ndoa na nyumba yake 150, maisha baada ya kustaafu 60, ugonjwa na kifo 40. Ugonjwa utajwe kwa jina tu kama familia imekubali kwa kauli moja. Mali, madeni na ahadi za kusomesha wajukuu visiingie kabisa, kwa kuwa kikao cha ukoo ndicho mahali pake.

Sehemu inayovunja misiba ni idadi. Neno "ameacha" ni kwa walio hai. Ukiandika "ameacha watoto 7" na wawili walishatangulia, kina mama watanong'ona hadi makaburini. Andika: "Alijaliwa watoto 7, wawili wametangulia mbele za haki." Mtoto wa nje ya ndoa anayetambuliwa na ukoo ahesabiwe, na ujue hilo mapema kwa kumwuliza mzee wa ukoo faraghani, kamwe isiwe mbele ya kamati. Aliowalea bila kuwazaa wapewe sentensi yao. Kwa mwalimu huwa ni wengi, na mara nyingi ndio wanaolia kwa sauti zaidi.

Jioni ya kuamkia mazishi, msomee mjane na mtoto mkubwa kwa sauti. Wasomee wewe, usiwape karatasi, kwa kuwa macho yenye machozi hayaoni makosa. Rekebisha, kisha ndipo upeleke kuchapa.

Nakala ya kusomea iwe na herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kurasa zenye namba, na sentensi isikatwe kati ya ukurasa na ukurasa. Msomaji bora ni mpwa au mjukuu mkubwa, kwa sababu mtoto wa kuzaa mara nyingi hukwama kwenye jina la mama yake. Msomaji wa pili asimame kando akiwa na nakala yake na kidole kwenye mstari, ili wa kwanza akishindwa apokee palepale bila kuanza upya.

Baada ya mazishi, chapa nakala tatu safi. Moja iwekwe kwenye ile bahasha ya nyaraka, nyingine apewe mtoto mkubwa, na ya tatu ipelekwe kwa mwalimu mkuu wa shule aliyofundisha muda mrefu zaidi, ikiwa na picha yake iliyoandikwa nyuma kwa penseli jina na miaka aliyokuwa hapo.