Kuinua pikapu kwa bloku: namna ya kuzifunga zisichomoke

Bloku ni kipande cha chuma kinachokaa kati ya ekseli ya nyuma na springi za bapa ili gari lisimame juu zaidi. Kwa Hilux, Ranger na pikapu nyingine ambazo springi zake ziko juu ya ekseli, hii ndiyo njia ya bei nafuu ya kupata nafasi ya tairi kubwa. Wala si ubunifu wa gereji za mtaani: Ford F-250 na F-350 hutoka kiwandani zikiwa na bloku nyuma. Hatari huanzia kwenye bloku ndefu kupita kiasi, bloku mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na yubolti (bolti zenye umbo la U) za zamani zilizorudishiwa.

Kabla ya kununua chochote, ingia chini ya gari uangalie. Kama springi imepita chini ya ekseli, bloku italishusha gari badala ya kuliinua. Gari la hivyo linataka springi ndefu zaidi au zilizopindwa upya na fundi wa springi.

Na mbele usiweke kabisa. Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele (chuma kimoja kinachounganisha tairi zote mbili), breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, na ekseli hiyohiyo ndiyo inayopokea usukani. Bloku ya nyuma ikichomoka, gari linakwenda upande lakini usukani bado uko mkononi mwako. Ya mbele ikichomoka, huna usukani. Sheria ya jimbo la Virginia, Marekani, inakataza kuinua mbele kwa bloku, na hata pasipo na sheria ya namna hiyo, sababu ni ileile.

Kinachoishika bloku

Wengi hudhani bloku inashikwa na ile pini ndogo inayoingia kwenye kiti cha springi, yaani sehemu ya ekseli ambapo springi hukaa. Pini kazi yake ni kuonyesha mahali tu. Kinachoishika ni msuguano unaotokana na yubolti nne, mbili kila upande, kuibana springi, bloku na ekseli ziwe kitu kimoja. Yubolti zikilegea hata kidogo, mzigo wote unahamia kwenye pini na senta bolti (bolti ya katikati inayoshika majani ya springi pamoja), navyo havikutengenezwa kuubeba. Senta bolti inakatika, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na gari linaanza kutembea kimshazari.

Kimo cha bloku nacho kina gharama yake. Ukikanyaga mafuta, pua ya difu (mbele ya sanduku la gia la ekseli ya nyuma, propela inapoingia) hutaka kupanda; ukishika breki, hutaka kushuka. Springi ndiyo inayozuia mzunguko huo. Kadiri bloku inavyokuwa ndefu kwenda juu, ndivyo tairi inavyoipinda springi kwa nguvu zaidi, kama bomba linavyoongeza nguvu ya spana. Springi inajipinda umbo la S, inaachia ghafla, inajipinda tena. Utasikia tairi za nyuma zikiruka-ruka unapopanda mlima kwa gia ndogo, na baada ya muda krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu nyuma) zitaanza kufa.

Kwa hiyo milimita 50 ni kiasi cha starehe kwa pikapu ya kawaida. Milimita 75 inawezekana kama springi ni nzima na hubebi mzigo mzito kila siku. Ukitaka zaidi ya hapo, fedha yako iende kwenye springi mpya. Chuma cha kuzuia ekseli isizunguke kinasaidia, ila hakigeuzi bloku ya milimita 120 kuwa kitu cha kuaminika.

Kuchagua

Chukua bloku ya chuma cha kumimina kilicho imara, chuma kigumu kizima, au alumini nzima isiyo na uwazi ndani. Kataa bomba la mraba lililochomelewa, kataa mbao, na kataa vipande viwili vya milimita 25 badala ya kimoja cha milimita 50: kila mahali vipande viwili vinapokutana ni mahali pengine pa kuteleza. Upana wa bloku uwe sawa na upana wa springi, na urefu wake kutoka mbele hadi nyuma ujaze kiti chote cha springi. Pini iingie bila kucheza.

Yubolti ziwe mpya, za daraja la 8.8 au zaidi, kipenyo kilekile cha kiwandani, na ndefu kuliko za awali kwa kimo cha bloku. Yubolti huvutika ikarefuka kidogo inapokazwa mara ya kwanza. Ukiirudishia haitabana kama mwanzo. Za nondo zilizopindwa kwa moto usiziguse, kwa sababu chuma hicho ni laini na nyuzi zake huliwa mapema. Nunua pamoja na nati ndefu na washa ngumu.

Kufunga

Simamisha gari kwenye sakafu ngumu na sawa, weka vigingi tairi za mbele, kisha pima na uandike umbali kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili. Inua nyuma, weka stendi chini ya chesisi, na jeki ibaki imeshika difu. Toa tairi, fungua shokapu upande wa chini.

Fanya upande mmoja kwanza, mwingine ubaki umefungwa lakini nati zimelegezwa, ili ekseli isikimbie. Toa yubolti, shusha jeki polepole huku jicho likiwa kwenye hosi ya breki na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga unaposhika breki). Hosi ikianza kuvutika, simama. Irefushe au hamisha kishikio chake kabla ya kuendelea.

Sasa safisha kiti cha springi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Hatua hii hurukwa sana, na kuiruka ndiko kunakolegeza yubolti wiki ya pili: tope, kutu na rangi nene vinasagika barabarani, na kile kijinafasi kinachobaki kinatosha kuondoa mbano. Weka bloku, pini kwenye tundu la ekseli, kichwa cha senta bolti kwenye tundu la bloku. Pandisha jeki mpaka vyote vikae bila mwanga kupita katikati.

Kama bloku ni ya mteremko, yaani nene upande mmoja kuliko mwingine, upande mnene ukikaa nyuma pua ya difu inapanda. Propela yenye krosi moja kila mwisho inataka pua ya difu na shafti ya kutokea kwenye transfa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1 hivi. Programu ya kupimia mlalo kwenye simu inatosha. Mara nyingi bloku iliyonyooka ndiyo inayofaa hapo.

Kaza nati kwa kupishana, msalaba, kidogo kidogo, nyuzi zitokeze sawa pande zote. Ukazaji wa mwisho ufanyike gari likiwa limesimama kwa tairi zake, kwa spana ya kupimia nguvu. Namba ya kitabu cha gari ndiyo ya kufuata. Yubolti za milimita 12 kwenye pikapu za aina hii mara nyingi huangukia kwenye Nm (nyutonimita) 100 hadi 130. Kisha piga alama ya rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye bamba ambalo nati inalibana.

Mambo yanayosahaulika

Raba za kugonga, zile zinazozuia ekseli isipande kupita kiasi, zishushwe kwa kimo cha bloku, la sivyo springi itapindwa kupita mpaka wake kabla ekseli haijazuiwa. Shokapu ikiwa fupi itakuwa ndiyo inayozuia ekseli kushuka, na itang'oka. Hilux nyingi zina valvu ya breki inayosoma mzigo kupitia fimbo iliyounganishwa na ekseli: gari likiinuliwa, valvu inaamini kwamba halina mzigo na kupunguza breki za nyuma. Inua kishikio cha fimbo hiyo upande wa ekseli kwa kimo cha bloku. Mwisho rekebisha taa za mbele, na kumbuka kwamba bloku haiongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja, ila inapandisha mzigo juu na kulifanya gari liwe jepesi kupinduka konani.

Kaza tena baada ya kilomita 100, kisha baada ya 500, halafu kila sevisi na kila unapotoka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi. Ukiona alama ya rangi imehama, kutu nyekundu ya unga inatoka kwenye maungio ya bloku, au mstari mpya unaong'aa kando ya springi, bloku inacheza. Usiikaze na kuondoka: ifungue, kagua pini na senta bolti, na weka yubolti mpya.