Jinsi ya Kutega Kambare wa Mtoni kwa Mshipi wa Ndoano Nyingi, Kama Tulivyofundishwa Nyumbani

Boma letu lilikuwa upande wa chini wa Ahero, mahali ambapo Mto Nyando, ukishateremka kutoka milima ya Nandi na Tinderet na kupita katika nchi ya miwa ya Muhoroni na Chemelil, hupunguza mwendo na kuanza kujipinda katika uwanda wa Kano kabla ya kuingia Ghuba ya Winam. Maji ya hapo yana rangi ya udongo karibu mwaka mzima, na kambare, ambaye sokoni kwetu kila mtu humwita mumi, huyapenda maji ya namna hiyo. Babu yangu alimtega kwa mshipi mrefu wenye ndoano nyingi, baba akaurithi mshipi huo, nasi watoto tukafundishwa kuufunga kabla hatujaruhusiwa kuusogelea mto usiku. Binamu zangu wadogo wameniomba mara nyingi niwaonyeshe kazi hii, na kwa kuwa wengi wao sasa wanaishi mbali na mto, nimeona niiandike yote kwa utaratibu tulioufuata nyumbani.

Mjue kwanza samaki mwenyewe, kwa sababu kila sharti la mshipi huu limetokana na tabia zake. Kambare hana magamba, kichwa chake ni kipana na kigumu kama kibao, na mdomoni ana ndevu nane anazozitumia kupapasa na kuonja chakula chini ya maji pasipo mwanga. Macho yake ni madogo na hayamsaidii sana katika maji ya tope, kwa hiyo chambo chenye harufu humfaa kuliko chambo kinachong'aa. Hula zaidi usiku, naye hula karibu na sakafu ya mto. Juu ya matamvua yake ana kiungo chenye vitawi kama mti mdogo, ambacho humwezesha kuvuta hewa, ndiyo maana huweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi akiwa hai mradi ngozi yake haijakauka. Asichanganywe na kamongo, ambaye ana mwili mrefu kama wa mkunga na mapezi membamba kama nyuzi, na ambaye kung'ata kwake ni jambo la kuogopwa kweli.

Kuutengeneza mshipi huchukua siku mbili au tatu za jioni, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji asiharakishe. Kamba kuu iwe ya nailoni iliyosokotwa, yenye unene wa milimita 3 au 4. Kamba ya manila ya plastiki inayouzwa kwa bei nafuu madukani huelea, na mshipi unaoelea utakupatia takataka badala ya samaki, ilhali nailoni huzama yenyewe. Kwa ndoano 20, kata kamba ya mita 40, uache mita 5 kila upande za kufungia, kisha uweke alama kila baada ya mita moja na nusu. Kwenye kila alama funga kikamba cha ndoano chenye urefu wa sentimita 45 hivi. Vipimo hivi viwili vinategemeana: vikamba viwili jirani, hata vikinyooshwa kuelekeana, visiweze kugusana, la sivyo kambare mmoja akinaswa atazisokota ndoano za majirani zake na kukuachia fumbo la kulifumbua gizani. Kila kikamba kizuiwe kwa fundo upande huu na upande huu wa alama yake, ili kisiteleze juu ya kamba kuu samaki anapovuta. Kambare akinaswa hujibiringisha mwili mzima, naye anaweza kukata uzi mwembamba kwa kuusokota tu. Siku hizi vipo vipete vya chuma vinavyozunguka, ambavyo hufungwa kati ya kikamba na kamba kuu, na anayeweza kuvipata avitumie. Sisi hatukuwa navyo, tukategemea uzi mnene uliosokotwa mara mbili.

Ndoano iwe na uwazi wa takriban sentimita moja na nusu kati ya ncha na shina, na shina lake liwe nene kiasi cha kutonyooshwa kwa mikono. Inoe kwa tupa ndogo, kisha uijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba: ikikwama ni kali, ikiteleza bado. Baba alizikagua zote kila msimu, moja baada ya nyingine, na ile iliyoliwa na kutu hakuisamehe. Mshipi uliokamilika huwekwa ndani ya karai, kamba ikiwa imezungushwa chini, na ndoano zikiwa zimechomekwa kwa mpangilio kwenye kipande cha mgomba kilichokatwa karibuni. Mgomba ni laini, hauharibu ncha, na unakuwezesha kuzitoa ndoano moja moja bila kuvuruga zinazofuata.

Nimetaja ndoano 20, na idadi hiyo ina historia yake nyumbani kwetu. Mshipi wa babu ulikuwa na ndoano 60, na mimi nilipofikisha umri wa kuachiwa kazi, niliutega wote peke yangu wakati wa mvua za Aprili. Usiku ule mto ulipanda ghafla, njia ya kwenda ukingoni ikafunikwa na maji, nami sikuweza kuufikia mshipi usiku huo, wala siku iliyofuata, wala usiku uliofuata. Tulipoufikia hatimaye tulikuta samaki 11, tisa wakiwa wamekufa na kuharibika, na wawili wakiwa hai huku midomo yao imechanika vibaya. Babu hakunigombeza. Aliketi chini ya mti, akachukua kisu, akakata vikamba 40 kutoka kwenye mshipi wake mwenyewe, akanikabidhi uliobaki, akasema kwamba nitaongezewa ndoano nitakapoweza kuzitembelea. Tangu siku hiyo kanuni yetu ni kwamba ndoano zisizidi zile ambazo mtu anaweza kuzikagua mara mbili kabla ya alfajiri, na kwamba mshipi hautegwi kabisa mvua kubwa inaponyesha huko juu milimani, hata kama kwetu mbingu ni nyeupe.

Kuhusu chambo, minyoo minene ya ardhini inayochimbwa pembeni mwa zizi la ng'ombe ndiyo iliyotutosha kwa miezi mingi ya mwaka. Ichomeke mara mbili au tatu ili isichomoke, lakini uache mkia wake ukicheza. Utumbo wa kuku ni mzuri zaidi kwa harufu, ila ni mlaini, hivyo uufunge kwa uzi wa kushonea. Vipande vya fulu au vya samaki mwingine mdogo mwenye nyama ngumu hudumu ndoanoni usiku kucha, wakati omena, yaani dagaa, huyeyuka upesi mno. Kumbikumbi wanapotoka baada ya mvua, kambare huwafuata wanapoanguka majini, na jioni hiyo mshipi hufanya kazi vizuri. Nimewaona wavuvi wakitumia vipande vya sabuni ya mche, nao wakapata samaki, lakini sisi hatukupenda kutia sabuni katika maji ambayo watu wa chini yetu huyachota. Wala usishike chambo kwa mikono yenye mafuta ya taa. Mama, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akijaza taa, hakuruhusiwa kugusa minyoo, na zamu yake ilihamia kwangu.

Kambare hupanda mtoni na kuingia katika maeneo yaliyofurika ili kutaga mayai mvua za kwanza zinaponyesha, kwa hiyo wengi hudhani kwamba wakati wa mafuriko ndio wakati wa mavuno. Uzoefu wetu unasema kwamba usiku bora ni ule ambao maji yameanza kupanda kidogo na kubadilika rangi, au ule wa siku chache baada ya kilele, yanapoteremka na kuyaacha mabwawa pembeni. Tafuta kona ya mto, upande wa nje ambako maji yamechimba kina, au mahali ambapo mfereji wa mashamba ya mpunga humwaga maji yake mtoni, kwani hapo chakula huja chenyewe. Epuka mahali ambapo ng'ombe hunywa maji na watoto huoga.

Utege jua likiwa linakaribia kuzama, kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, maana chambo kikiwekwa mapema huliwa na samaki wadogo kabla kambare hajatoka. Funga ncha moja kwenye mzizi imara au kwenye kigingi kilichopigiliwa ardhini, na kati ya kamba na mzizi uweke kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli chenye urefu wa mkono, ambacho hunyooka samaki anaporuka na kuzuia mdomo wake usichanike. Ncha ya pili ifungwe jiwe la kilo tatu au nne, na katikati uongeze mawe madogo mawili ili mshipi ulale karibu na sakafu. Usiukatishe mto kutoka ukingo hadi ukingo, kwa kuwa utazuia mitumbwi na kukusanya kila tawi linaloteremka. Uelekeze kimshazari, jiwe likiwa chini ya mkondo kuliko mzizi, nao mkondo wenyewe utaunyoosha.

Wawe watu wawili daima, nalo hili halina nafasi ya kujadiliwa. Kila mmoja awe na kisu kikali shingoni au kiunoni, na pasiwepo anayezungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, hata kwa muda mfupi. Anayeuinua mshipi asimame upande wa juu wa mkondo, ili maji yazisukume ndoano mbali na mwili wake. Karibu na mahali mto unapoingia ziwani kuna viboko, nao hutoka kula majani usiku, kwa hiyo usisimame kati ya kiboko na maji. Palipo na mamba, kazi hii isifanywe kwa kuingia majini kabisa. Ndoano ikimchoma mtu na kuzama hadi kwenye kijino kilicho karibu na ncha ya ndoano, usiivute kwa kurudisha nyuma. Kata kikamba na umpeleke kwenye kituo cha afya, ambako pia atadungwa sindano ya kuzuia pepopunda.

Sisi tulikagua saa nne usiku na tena saa kumi alfajiri. Shika kamba kuu kwa mkono mmoja, utulie, uisikilize. Samaki mkubwa huvuta kwa uzito wa polepole, halafu hutikisa, wakati tawi lililokwama huvuta bila kubadilika. Nakumbuka baba akinipa kamba ile niishike, akizima tochi ili nisidanganywe na macho, akiniuliza ni ndoano ya ngapi yenye samaki, nami nikikosea mara nyingi kuliko kupatia. Inua taratibu, uondoe samaki, uweke chambo kipya, uishushe, ndipo uendelee na ndoano ifuatayo.

Kambare mkubwa mshike nyuma ya kichwa kwa kipande cha gunia lililoloa, kidole gumba na kidole cha shahada vikiwa nyuma ya miiba miwili ya mapezi ya kifuani, kwa sababu miiba hiyo ina meno kama msumeno na kidonda chake huvimba. Jike aliyejaa mayai, ambaye tumbo lake huwa limetuna na laini, tulimrudisha majini. Wadogo nao walirudishwa, ingawa wapo wanaowanunua ili wawe chambo cha mbuta, yaani sangara, ziwani. Anayebaki auawe mara moja kwa pigo moja zito la rungu kichwani, kwa kuwa samaki anayeweza kuvuta hewa huteseka kwa muda mrefu akiachwa tu guniani.

Nyumbani mama alimpaka majivu, akamsugua mpaka ute wote ukatoka, akamwosha kwa maji ya chumvi na ndimu. Mnene alipasuliwa mgongoni, akakaushwa juani kama obambla au akaning'inizwa juu ya moshi wa kuni siku mbili. Mwingine aliliwa siku hiyohiyo kwa nyanya, vitunguu na ugali wa mtama. Hatukuwapelekea jirani zetu Wasabato, ambao hawali samaki asiye na magamba. Wao waligawiwa ngege, ambaye ana magamba, baba alipopitia sokoni.

Anayetaka kutega kwa ajili ya kuuza aende kwanza kwa afisa wa uvuvi wa kaunti na kwa kamati ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, ya eneo lake, kwani uvuvi nchini Kenya husimamiwa na sheria ya mwaka 2016, na leseni huhitajika.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, mshipi wote hutolewa majini, usiachwe mchana kamwe. Uoshe kwa maji safi, uuanike kivulini, uzichomeke ndoano kwenye mgomba mpya huku ukizihesabu kwa sauti. Zikiwa 20, nendeni mkalale. Zikiwa 19, rudini ukingoni mkaitafute iliyopotea, kwenye majani, kwenye tope na pale mlipokuwa mkiwatoa samaki, kwa sababu saa mbili ng'ombe watateremka kunywa maji na watoto watakuwa nyuma yao bila viatu. Babu aliwahi kutukawiza hapo hadi saa nne, mimi na kaka yangu, mpaka tukaiona ikiwa imeng'ang'ania pindo la gunia letu wenyewe.