Kuunganisha kamera ya kiwandani na kadi ya kunasa picha

Kabla ya kununua kebo, piga hesabu. Zidisha upana wa picha kwa urefu, kwa baiti za kila pikseli, kisha kwa idadi ya fremu kwa sekunde. Kamera ya pikseli 2048 kwa 2048, biti 8, fremu 100 kwa sekunde, hutoa takriban megabaiti 419 kila sekunde. GigE Vision ya gigabiti 1, yaani kamera kupitia kebo ya mtandao, hubeba kama 115 tu. Hapo haifai hata ukibembeleza. Camera Link, kiunganishi cha kamera chenye ngazi tatu, hufikia 255 kwenye Base, 510 kwenye Medium na 680 kwenye Full. Kebo moja ya CoaXPress (kiunganishi cha kebo ya koaksia) ya kasi ya CXP-6 hupitisha gigabiti 6.25 kwa sekunde, ila usimbaji wa 8b/10b (biti 8 za data hutumwa kama 10) hula moja ya tano, zikabaki megabaiti 625, na vichwa vya pakiti navyo huchukua chao. Kwa 419 inatosha vizuri. Ukihamia biti 12 zilizofungashwa bila nafasi, unafika 629: sasa unahitaji kebo mbili, au CXP-12 yenye kasi maradufu.

Zima kompyuta, kisha chagua sloti. Usidanganywe na urefu wake, kwani sloti ndefu ya x16 mara nyingi ina njia nne tu za umeme, na wakati mwingine moja. Soma kijitabu cha bodi kuu. Njia moja ya PCIe (mfumo wa sloti hizi) kizazi cha 2 haizidi megabaiti 500 kwa sekunde, na kadi iliyobanwa hapo hupoteza fremu kimyakimya.

Kwenye CoaXPress, umeme wa kamera (volti 24, hadi wati 13 kwa kila kebo) hupita kwenye kebo ileile ya data. Kadi nyingi huutoa kwenye plagi ya ziada ya kompyuta, na plagi hiyo ikisahaulika kamera haiwaki kabisa. Kebo iwe ya omu 75. Ya omu 50 yenye kiunganishi cha BNC huingia bila shida, na ndiyo sababu hudanganya watu: picha huja, kisha makosa ya CRC (ukaguzi wa data iliyofika) yanapanda. Fuata pia mpangilio wa namba za kebo, maana ile ya kwanza ndiyo inayobeba amri za kamera.

Camera Link haina ukaguzi wa makosa, kwa hiyo hitilafu utaiona kwenye picha yenyewe. Vidoadoa vinavyorukaruka vinaashiria kebo ndefu mno au mbovu. Kikomo ni mita 10, na kwa saa (mapigo yanayoongoza utumaji wa pikseli) ya MHz 85 kebo nyingi huyumba mapema zaidi. Shusha saa hadi MHz 40. Doa zikitoweka, badilisha kebo. Picha iliyokatwa vipande vilivyopangwa ovyo ni jambo jingine: idadi au mpangilio wa tapu (mikondo ya pikseli zinazotumwa kwa pamoja) kwenye kadi hauendani na wa kamera. Amri zikifika lakini picha ikawa takataka kwenye Medium au Full, huenda kebo ya pili haijakaza, basi kaza skrubu zote mbili.