Kabla ya kupanda lori la kwenda Namib: mambo ya kuzingatia kwa aliyezoea Serengeti

Mtu aliyekulia Arusha ukimwambia kuna ziara ya wiki tatu ya kutazama wanyama na jangwa kusini mwa Afrika, atakujibu, "Wanyama nimeshawaona." Nami nilijibu hivyo hivyo. Nikafunga begi kama la kwenda Ngorongoro wikiendi, na usiku wa tatu nikalala hemani nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo, taulo nimelizungusha kichwani. Kwa hiyo haya namwandikia msafiri wa aina yangu, anayedhani anaijua safari kwa sababu ametoka kwenye nchi ya safari.

Ziara ninayoisemea ni ile inayoanzia Cape Town, ikavuka mto Orange kuingia Namibia, ikapita korongo la Fish River, matuta ya mchanga ya Sossusvlei katika jangwa la Namib, mji wa Swakopmund na hifadhi ya Etosha, kisha ikakata mashariki hadi Maun na delta ya Okavango nchini Botswana, hifadhi ya Chobe, na kumalizikia kwenye maporomoko ya Victoria Falls. Ni zaidi ya kilomita 5,000 ndani ya lori lililogeuzwa basi, lenye viti ishirini na kitu, makabati ya mizigo na jiko linalofunguka ubavuni. Kabla hujafikiria kingine, ifikirie nchi yenyewe. Namibia ina kilomita za mraba kama 825,000, pungufu kidogo ya Tanzania, lakini sensa ya 2023 ilihesabu watu milioni 3 tu, wakati sisi mwaka 2022 tulikuwa milioni 61.7. Unaweza kukaa kwenye lori asubuhi nzima usione hata kibanda cha vocha. Yale mazoea yetu ya "nitanunua njiani" yaache nyumbani. Dawa zako za kila siku, pedi, miwani ya akiba, betri, vyote viwe begini tangu Cape Town.

Sasa baridi, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Msimu mzuri wa wanyama kule ni kiangazi chao kikavu, takriban Juni hadi Oktoba, na nusu ya kwanza ya kipindi hicho ni kipupwe hasa. Hewa ya jangwani haina unyevu wala mawingu ya kuzuia joto lisipotee, hivyo jua likizama mchanga unapoa haraka kama kikaango kilichoepuliwa. Mchana utavaa fulana, alfajiri kipimajoto kinakaribia sifuri. Swakopmund nako, japo ni pwani, usiifananishe na Tanga. Mkondo wa bahari wa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini, ukungu unauvamia mji, na hata Desemba utatafuta sweta. Aliyenipa ushauri wa "pwani ni joto" alikuwa anaijua Bagamoyo tu.

Dawa ya baridi hiyo si koti moja nene. Vaa nguo juu ya nguo: ya kubana ndani, ya manyoya katikati, ya kuzuia upepo juu, pamoja na kofia ya kufunika masikio na soksi nzito. Usizinunue dukani. Nenda Karume ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi kwenye marobota ya mitumba, utakuta makoti ya watu wa thelujini yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna mtu wa Dar es Salaam anayeyataka. Mfuko wa kulalia nao uulizie mapema. Ziara nyingi za kambi hutoa hema na kigodoro chembamba, basi. Mfuko na mto ni juu yako. Ukiwa Moshi au Arusha, wanaowakodishia vifaa wapanda Kilimanjaro wanayo mifuko inayohimili chini ya sifuri, na kukodi kwa wiki tatu ni nafuu kuliko kununua.

Begi liwe laini, la kukunjika. Sanduku la magurudumu haliingii kwenye kabati la lori, na magurudumu yenyewe mchangani ni kazi bure.

Kwenye karatasi, hesabu kurasa. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita na zaidi baada ya safari, halafu chukua kalamu: kuingia na kutoka Afrika Kusini, Namibia, Botswana na Zimbabwe ni mihuri minane, na ukitaka kuyatazama maporomoko kwa upande wa Zambia unaongeza mingine. Mtanzania huingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90, na Mkenya naye tangu Januari 2023. Lakini hiyo ni nchi moja kati ya nne au tano, na ruhusa ya nchi moja haifungui mlango wa jirani. Waulize balozi za kila nchi, usimuulize anayekuuzia tiketi. Mwenzetu mmoja alihakikishiwa na muuzaji wake kwamba akishapata ruhusa ya kuingia Afrika Kusini amemaliza. Mto Orange aliutazama tu, hakuuvuka. Kama unasafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki. Maofisa wa mipaka ya huko huviulizia.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ibebe. Sisi tunatoka upande wa Afrika ambao wenzetu wa kusini wanauangalia kwa jicho hilo, na Mkenya asiyekuwa nayo anaweza kukwama uwanjani. Chanjo inahesabika baada ya siku kumi, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya mwisho. Jambo jema ni kwamba tangu Julai 2016 kadi hiyo inatambulika kwa maisha yote. Iliyokaa kwenye droo ya mama yako bado inafanya kazi.

Na malaria? Jangwani hakuna shida, lakini kuanzia kaskazini mwa Namibia, Okavango, Chobe hadi bonde la Zambezi, ipo. Hapa ndipo watu wa kwetu wanapojidanganya zaidi. "Mimi mtu wa Pwani, malaria kwangu ni mafua." Mtu aliyekaa Nairobi au Arusha miaka kumi hana kinga ya kutamba nayo. Ongea na daktari kuhusu dawa za kujikinga, na umwambie utapita jangwani, kwa sababu doksisaiklini, moja ya dawa zinazotumika sana, huifanya ngozi iungue na jua kwa urahisi. Ndiyo, hata ngozi nyeusi. Nilibanduka pua.

Maji ni suala jingine la mazoea. Dar es Salaam ukitoka jasho unalijua, shati linagandama mgongoni. Namib jasho linakauka kabla hujaliona, unajiona mkavu na mzima, kumbe unapungukiwa. Kunywa kwa ratiba, lita tatu au nne kwa siku, na chupa yako ijae kabla lori halijaondoka. Mafuta ya midomo ni muhimu kuliko unavyodhani. Mwenye pumu au macho yanayowasha ajue kwamba barabara nyingi za Namibia ni za changarawe, zenye migongo kama bati la paa, na vumbi linaingia hata kwenye begi lililofungwa zipu.

Saa ilinichekesha. Nchi zote hizi ziko nyuma yetu kwa saa moja, hilo dogo. Kubwa ni kwamba kiongozi akitamka faivu, kichwa chako cha Kiswahili, kilichochoka kama kilivyo, kitasikia saa tano. Anamaanisha saa kumi na moja alfajiri, na lori halisubiri. Mwaka 2019 Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, lakini usitarajie ofisa wa mpakani Noordoewer akujibu "karibu." Kiingereza ndicho kitakachokupitisha, na Botswana ukisema "dumela rra" kwa mwanamume au "dumela mma" kwa mwanamke kabla ya kuomba chochote, utaona uso unavyofunguka. Kwa salamu tunafanana nao sana.

Fedha: randi ya Afrika Kusini inatumika Namibia moja kwa moja, kwa thamani sawa na dola ya Namibia, ila dola hiyo ukirudi nayo Afrika Kusini haina mnunuzi dukani. Imalize kabla ya kutoka. Botswana wanatumia pula, neno ambalo kwao maana yake ni mvua. Zimbabwe beba dola za Marekani za noti ndogo ndogo. M-Pesa ya nyumbani haikununulii hata soda kule, kwa hiyo iarifu benki yako kuwa kadi itatumika nje. Na kabla ya kulipia ziara, omba orodha ya maandishi ya kile ambacho bei HAIJUMUISHI: ndege ndogo ya kuiona Okavango kutoka juu, milo ya mjini, bahashishi ya kiongozi, dereva na mpishi. Bei rahisi mara nyingi imejificha hapo. Bima iwe ya safari, yenye kipengele cha kuokolewa kwa ndege. Kadi ya bima ya nyumbani usiitegemee.

Soketi za Afrika Kusini na Namibia zina matundu matatu makubwa ya duara, hazipokei plagi zetu za pini bapa. Adapta inunue Cape Town, ni rahisi.

Ziara ya kambi si ya kuhudumiwa. Hema unasimika mwenyewe, vyombo vinaoshwa kwa zamu, na hapa Mzungu wa miaka sabini ataosha sufuria wakati wewe unatafuta aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Chakula hakitakusumbua, kwani ugali ni ule ule, wakiuita papu Namibia, sadza Zimbabwe na nshima Zambia. Anayekula halali aseme wakati wa kulipia, si siku ya kuondoka, ili nyama inunuliwe Cape Town ambako Waislamu ni wengi na mabucha yao yapo. Kibla huko ni kaskazini, ikiegemea kidogo mashariki.

Halafu nyama mbichi. Namibia na Botswana zimekatwa na nyua ndefu za kuzuia ugonjwa wa midomo na kwato, na kwenye vizuizi unashushwa, unakanyaga zulia la dawa, na nyama inachukuliwa. Viatu vyako vyote vinaweza kukaguliwa, kwa hiyo visiwe chini kabisa ya begi.

Wanyama sasa, wale "nimeshawaona." Etosha hamfukuzani na makundi kama Mara. Katikati kuna bonde la chumvi la kilomita za mraba karibu 4,800, limekauka sehemu kubwa ya mwaka, na wanyama wanafuata madimbwi ya pembeni. Unakaa, unanyamaza, wanakuja. Kambi ya Okaukuejo ina dimbwi linalomulikwa usiku kucha, na faru weusi huja kunywa hapo. Choroa, ambaye kwetu unamtafuta kwa bahati, kule utamwona hadi umzoee. Kinachotakiwa ni darubini, chupa ya chai, lile koti la mitumba na uwezo wa kukaa saa mbili bila kushika simu. Usiku usiache viatu nje ya hema, mbweha huondoka navyo. Kambi nyingine ya humo Etosha, iitwayo Halali, ina nyegere wanaopindua mapipa ya taka, na nyegere si mnyama wa kubishana naye.

Kwa Sossusvlei uliza swali moja kabla ya kulipa: mtalala ndani ya lango la Sesriem au nje? Walio ndani huruhusiwa kutoka saa moja kabla ya jua kuchomoza, walio nje husubiri jua. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaona mapambazuko ukiwa juu ya Tuta 45, lililopewa jina kwa kuwa liko kilomita 45 kutoka langoni, au ukiwa foleni. Panda na viatu vya kufunga. Saa sita mchana mchanga unaunguza nyayo.

Swakopmund wengi huenda kuteleza kwenye mchanga na kula keki za Kijerumani. Mtanzania atayaona yale majengo na kukumbuka boma za kwetu, kwani alikuwa mtawala yule yule. Kati ya 1904 na 1908, miaka ya Maji Maji, Wajerumani waliwaangamiza Waherero na Wanama, na pembeni ya makaburi ya mji huo kuna uwanja wa vilima vidogo vya mchanga visivyo na majina. Soma kidogo kabla hujafika, na ukiomba kupelekwa usishangae lori zima likabaki mkahawani.

Mwezi wa safari uamue ukiikumbuka Victoria Falls ya mwishoni. Aprili maji ni mengi kiasi kwamba moshi wake unayaficha maporomoko yenyewe. Oktoba na Novemba upande wa Zambia unaweza kubaki mwamba mtupu, hivyo simama upande wa Zimbabwe. Ukienda wakati wa maji mengi beba koti la mvua na mfuko wa plastiki wa kufungia simu. Mfuko huo uache huko huko, maana Kenya waliupiga marufuku 2017 na sisi 2019, na wa kwangu ulichukuliwa uwanjani pamoja na maelezo marefu.